Plagi iliyoyeyuka: uchambuzi wa kisa cha kubadili kadi ya grafiki kwenye mashine ya zamani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilifika mezani kwangu mwishoni mwa 2025, katika mji mmoja wa Tanzania Bara. Jina la mwenye mashine, mtaa wake na wauzaji wote wawili nimeviacha. Bei nilizotaja ni zile alizolipa yeye, kwa hiyo usizichukue kama bei za soko zima. Nimeandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa yeyote mwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba iliyogeuzwa kuwa ya gemu. Hizo ndizo zilizojaa mitaani kwetu.

Mashine na mwenyewe

Mwenye mashine ni kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa chuo. Mashine yake ni Dell OptiPlex 9020, ile ndefu ya kusimama, miongoni mwa zile zinazoletwa kwa kontena baada ya maofisi ya Ulaya kuzichoka. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Core i5-4590, kizazi cha nne cha Intel, kore nne (sehemu nne zinazopiga hesabu). RAM ni 8GB za DDR3 kwenye kijiti kimoja. Hadidisiki ya kawaida, 500GB. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati 290, imeandikwa ubavuni wazi kabisa, na haina waya hata mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini.

Ndani yake kulikuwa na kadi ya grafiki ya NVIDIA, GTX 750 Ti ya 2GB. Kadi hiyo ilitoka Februari 2014, inakula wati 60 tu, na wati hizo inazipata kwenye soketi inapochomekwa, bila plagi ya ziada. Aliyeiweka mwanzo ama alijua anachofanya ama alibahatisha, lakini alipatia.

Usiku kijana anacheza GTA V na FIFA 19 na wenzake wa hosteli. Mchana anahariri video za harusi na send-off za watu wa mtaani kwao, na kazi hiyo ndiyo inayomlipia bando na nauli. Video hizo zilikuja kuwa na uzito kwenye uamuzi kuliko gemu zenyewe.

Kadi inakufa

Zilianza nukta za rangi kwenye skrini, kisha mistari, kisha ikawa kila akifungua gemu skrini inakuwa nyeusi huku feni zinazunguka. Kijana akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: akaitoa kadi, akachomeka monita kwenye tundu la VGA la mashine yenyewe, akaitumia hivyo siku mbili. Haikuganda wala kuzima. Akaazima mashine ya rafiki, akaiweka ile 750 Ti humo, na mistari ikarudi. Ushahidi ukatosha kwamba tatizo ni kadi, si mazabodi (bodi kuu ya mashine) wala draiva (programu inayoiendesha kadi).

Mama yake akamtumia shilingi 350,000.

Kadi ya kwanza: "hii ni mnyama"

Alipata muuzaji kwenye mtandao wa kijamii mwenye RX 580 ya 8GB, kadi ya AMD, kwa shilingi 280,000. "Hii ni mnyama, inapiga gemu zote," aliambiwa. Kwa kweli kadi haikuwa mbovu. Ilikuwa ile aina yenye kore 2048 badala ya 2304 za RX 580 halisi, kwa hiyo kwa ndani ni jirani zaidi na RX 570, lakini ilikuwa nzima.

Tatizo lilikuwa tundu la pini nane lililo juu yake. Kijana alipouliza ataunganisha wapi, muuzaji akamwongezea bure kiwaya cha kugeuza: upande mmoja plagi ya SATA, ile inayolisha hadidisiki, upande wa pili plagi ya pini nane.

Tusimame kwenye hesabu hapa, kwa sababu kiwaya hiki kinauzwa kila mahali. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini imepimwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini nane la kadi ya grafiki limewekwa kwa ajili ya wati 150. RX 580 kamili imepimwa wati 185, na hata hii iliyopunguzwa kore haiwezi kuridhika na wati 75 za soketi pamoja na wati 54 za plagi ya hadidisiki. Ni sawa na kufunga bomba la bustani kwenye tangi la zimamoto, ila hapa bomba ndilo linaloungua.

Siku ya kwanza GTA V ilikwenda dakika kama kumi, mashine ikazima. Akawasha, ikazima tena. Akashusha ubora wa picha hadi chini, ikadumu karibu saa nzima, akadhani amepata dawa. Usiku wa tatu akasikia harufu ya plastiki. Akachomoa waya ukutani mara moja, na kwa hilo nampa heshima yake, maana wengine hufungua dirisha wakaendelea kucheza.

Asubuhi yake akaja na mashine mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mbona chumba kimenuka moshi ghafla?"

"Si mimi fundi, ni hii."

Plagi ya SATA ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na mwenzake. Nilipima pawasaplai bila mzigo, kisha kwa mzigo wa prosesa peke yake kwa saa moja: ilikuwa salama. Hadidisiki ilikuwa kwenye waya mwingine, nayo ikapona pamoja na video za watu zilizokuwa humo. Ungekuwa waya ule ule, kisa hiki kingekuwa kirefu zaidi na chenye maharusi wenye hasira ndani yake.

Tulivyochagua

Nilimwekea njia mbili: kuibadilisha mashine ifae kadi, au kutafuta kadi inayoifaa mashine.

Njia ya kwanza ilikuwa na mvuto kwa sababu RX 580 tayari anayo. Lakini mazabodi ya OptiPlex 9020 haipokei ile plagi kubwa ya pini 24 ya pawasaplai za kawaida. Ina plagi yake ya pini nane, kwa hiyo unahitaji waya wa kugeuza. Hilo linafanyika, nimelifanya zaidi ya mara moja. Kilichonizuia ni pawasaplai zenyewe. Zile za bei ya kijana huyu zimeandikwa wati 500 kwenye stika, na ukiinua ni nyepesi kama kopo tupu. Yenye uzito na jina la kuaminika ingemgharimu zaidi ya 70,000 zilizobaki mfukoni, waya wa kugeuza bado haujaingia. Kumtoa mtu kwenye plagi iliyoyeyuka nikamtia kwenye pawasaplai ya stika nisingelala usingizi.

Fundi mwenzangu tunayegawana naye fremu ya duka hakukubali. Hoja yake ilikuwa kwamba RX 580 ina nguvu kuliko kadi yoyote isiyo na plagi ambayo kijana angeweza kuimudu, na kwamba pawasaplai nzuri ingemfaa hata kwenye mashine ijayo. Hoja ni ya kweli. Kama kijana angekuwa na laki moja zaidi, huenda ningemfuata.

Tukabaki na kadi zisizozidi wati 75, ambazo ndizo kikomo cha soketi ya PCIe, ile kadi inapochomekwa.

GTX 1050 Ti ilikuwa ya kwanza midomoni mwa kila mtu. Ni ya 2016, 4GB, wati 75, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jibu la swali hili. Tuliiacha kwa sababu mbili. Oktoba 2025 NVIDIA ilifunga draiva za kawaida za gemu kwa kadi za kizazi hicho na kile cha 750 Ti, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Anayenunua leo kadi ya kukaa nayo miaka mitatu hana sababu ya kuanza na iliyokwisha kuagwa. Pili, 1050 Ti ndiyo inayoghushiwa sana: unakuta GTS 450 ya 2010 imebadilishwa BIOS, programu yake ya ndani, ijitangaze kwa jina la watu.

RX 6400 ilivutia kwa wati 53 zake. Ni mpya zaidi, ya 2022. Ila ina njia nne tu za PCIe za kupitishia data. Kwenye mashine ya PCIe 4.0 njia nne zinatosha, lakini mazabodi hii ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo upana unakatwa nusu, na kwa kadi ya 4GB inayolazimika kuazima nafasi kwenye RAM, nusu hiyo inasikika. Kilichoizika kabisa ni kwamba haina sehemu ya kubana video inapotolewa kuwa faili. Mhariri wa harusi akiweka kadi hiyo, kazi yote ya kutoa video inarudi kwenye prosesa ya kizazi cha nne.

Intel Arc A380 haikuchukua hata dakika. Bila Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, inachechemea, na mashine za umri huu hazina kitu hicho. RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024 na inayokula wati 70, ingekuwa jibu bora kuliko zote, lakini bei yake ilikuwa mbali na mfuko wetu, na i5-4590 isingeweza kuilisha ipasavyo.

Tukaangukia GTX 1650: ya 2019, 4GB, wati 75, bado inapata draiva za kawaida, na inabana video yenyewe.

Kwanza lakini pesa zipatikane. RX 580 ilisafishwa, ikajaribiwa kwenye mashine yangu yenye pawasaplai ya wati 650, ikauzwa kwa shilingi 210,000 kwa mtu mwenye mashine inayoifaa. Alielezwa kila kitu, pamoja na zile kore 2048 na plagi iliyoyeyuka, na akaiona ikifanya kazi. Kijana alitaka tunyamaze kuhusu plagi ili bei ipande. Nilimwambia basi akaiuze mahali pengine, na akakubali tuseme ukweli, ingawa kwa uso wa kununa.

Dukani

Tulipakia mashine kwenye bajaji tukaenda nayo. Sikubali tena mteja wangu anunue kadi ya mtumba kwa kuiona tu.

GTX 1650 ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na feni mbili, inang'aa, na ina tundu la pini sita pembeni. Muuzaji akasema tundu hilo "ni la urembo". Si la urembo: zipo 1650 ambazo kampuni imeziongezea kasi na kuziwekea tundu, na bila umeme wake haziwaki. Jina la chipu halikuambii kama kadi ina tundu. Ni lazima uigeuze uitazame.

Ya pili ilikuwa fupi, feni moja, haina tundu. Nikaangalia skrubu kama zimechubuliwa, nikanusa, nikazungusha feni kwa kidole. Kabla ya kuiweka niliondoa kabisa draiva za AMD zilizobaki, maana mabaki ya draiva yanaweza kukufanya uilaumu kadi nzima. Programu ya GPU-Z ikaonyesha chipu ya TU117, kore 896, 4GB za GDDR5, upana wa biti 128, yaani sifa za 1650 halisi, na hapakuwa na neno la kughushi. Tukawasha FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika 15. Joto likapanda hadi nyuzijoto 71 likatulia hapo. Muuzaji alikuwa akihema kwa nguvu muda wote huo kama anayepimwa yeye.

Alianzia 300,000, tukamaliza kwa 270,000, na dhamana ya wiki mbili ikaandikwa kwenye risiti kwa mkono wake.

Usiku wa kwanza

Saa tatu usiku simu ikaita. "Fundi, tumepigwa. Haileti picha."

Nilimwuliza maswali ya kawaida. Feni inazunguka? Ndiyo. Mashine inalia? Hapana. Kisha, kwa kuchelewa kuliko inavyonistahili, nikamwuliza monita yake inatumia waya gani.

VGA.

Dukani tulijaribu kwa monita ya muuzaji, ya HDMI. Monita ya kijana ni ya zamani, ina tundu moja tu, VGA. Ile 750 Ti ilikuwa na DVI ya aina inayotoa na mawimbi ya zamani ambayo VGA inayahitaji, na kipande kidogo cha kugeuza DVI kwenda VGA kilikuwa kimetosha miaka yote. Lakini kuanzia kizazi cha GTX 10, NVIDIA iliyaondoa mawimbi hayo. Kadi yake mpya ilikuwa na HDMI, DisplayPort na DVI-D, ile isiyo na mawimbi hayo, na kile kipande chake kina pini nne zisizo na matundu upande wa pili. Alikuwa amejaribu kukisukuma kwa nguvu. Tena, alikuwa ameshamtumia muuzaji ujumbe wa matusi, na mimi ndiye niliyempigia yule bwana asubuhi kumwomba radhi kwa niaba ya wote wawili.

Dawa ilikuwa kigeuzi chenye chipu ndani, cha HDMI kwenda VGA, shilingi 15,000. Picha ikaja.

Matokeo

GTA V, ambayo kwa kumbukumbu yake ilikuwa ikienda fremu kama 35 kwa sekunde kwenye 750 Ti, sasa ilikaa karibu na 60 kwenye ubora wa juu, kwa monita yake ya 1600 kwa 900. Video ya harusi iliyokuwa ikimchukua dakika 31 kutoka kwa prosesa peke yake ilitoka kwa dakika 12.

Hata hivyo alilalamika kwamba gemu "inashtuka" kila baada ya muda. Tulifungua orodha ya kazi za Windows tukiwa tunacheza: RAM imejaa hadi ukingoni na hadidisiki iko asilimia 100. Tukaongeza kijiti cha pili cha 8GB kwa shilingi 35,000, ambacho pia kiliipa RAM njia mbili za kusoma badala ya moja. Mshtuko ukapungua sana. Mwezi uliofuata alinunua SSD, diski yenye kasi kuliko hadidisiki, kwa pesa ya send-off mbili, na hapo ndipo aliponiambia mashine imekuwa mpya. Alikuwa na kadi mpya wiki tano tayari!

Kwa hesabu: alikuwa na 350,000, akatoa 280,000, akarudisha 210,000, akatoa 270,000 kwa kadi, 35,000 kwa RAM na 15,000 kwa kigeuzi. Alipungukiwa 40,000, akakopa kwa dada yake. Haraka ya siku ya kwanza ilimla 70,000 taslimu.

Uchambuzi: kilichofaa

Uthibitisho kwamba kadi ndiyo iliyokufa ulifanyika kabla ya senti kutoka, na ulifanywa na mteja mwenyewe. Hiyo ni nusu ya kazi. Nimeshaona watu wakibadili kadi mbili mfululizo kumbe pawasaplai ndiyo inayokufa.

Kuanza na wati na plagi, kisha upana wa soketi, kisha kazi ya mashine, ndipo bei, kulitufutia kadi nyingi kwenye orodha kabla ya kutoka nje ya mlango. Kama tungeanza na video za kulinganisha fremu, tungerudi kwenye RX 580 ile ile, maana kwa fremu inashinda.

Na kubeba mashine hadi dukani kulituokoa na ile kadi ya "urembo".

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la kwanza ni la kijana, lakini sitalikalia. Aliambiwa kiwaya kinatosha na mtu anayeuza kiwaya. Lililo zito zaidi ni kwamba mashine ilimwonya mara mbili kwa kuzima, naye akasoma onyo kama tatizo la ubora wa picha. Mashine inayozima ghafla gemu inapokolea inalia umeme au joto. Kushusha ubora wa picha kunapunguza kilio tu.

Kosa la pili ni langu. Nilipima kila kitu cha ndani ya kasha nikasahau kinachotoka nje yake. Jaribio la dukani lilinipa imani ya uongo kwa sababu nilitumia monita isiyo yake. Sasa namwambia mteja anipigie picha mgongo wa monita kabla hatujazungumza kadi.

La tatu ni la mpangilio. RAM na hadidisiki ningeziangalia siku ile ile ya kwanza, kadi ikiwa bado haijanunuliwa. Sidhani kama tungebadili uamuzi, kwa kuwa 750 Ti ilikuwa imekufa na kadi ilihitajika. Lakini kijana angejua mapema kwamba sehemu ya uzito aliouzoea haikutoka kwenye kadi, na angetenga pesa badala ya kukopa.

Yaliyobaki wazi

Alijaribu EA Sports FC 24. Inacheza, lakini prosesa inakaa asilimia 100 na uwanja ukijaa watu fremu zinaanguka. Kadi pale inasubiri. Core i7-4790 inaingia kwenye soketi ile ile na ina nyuzi nane badala ya nne (kazi inazoweza kushika kwa pamoja), na bei yake ya mtumba imeshuka. Hiyo ndiyo hatua kubwa ya juu iliyobaki kwenye mazabodi hii.

Windows nayo ni swali. Toleo la 10 liliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo la 11 rasmi halipokei prosesa ya kizazi cha nne. Kijana amejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja ya masahihisho ya usalama. Baada ya hapo itabidi aamue kama ataendelea kuiwekea pesa mashine hii au aanze kutunza ya nyingine, na tumekubaliana kwamba i7 asiinunue kabla hajalijibu hilo.